Vijana na Fungu la Kumi
(Mazungumzo ya redio kutoka Isiolo)

Tunawasalimu ninyi mlio hapa mjini Isiolo, nanyi wa Merti, Garbatulla, Kinna na Oldonyiro, nanyi madereva mlioegesha magari kando ya barabara kuu iendayo Marsabit na Moyale. Aliye na jirani asiye na redio na amwite aje aketi.

Leo twataka kusema juu ya fedha. Twajua kwamba wengine, wakisikia mchungaji ametaja fedha, hunyosha mkono ili watafute kituo kingine. Tafadhali ngojeni kidogo. Hatutaomba mchango wowote leo, wala hatutataja nambari ya kulipia. Jambo lililo mbele yetu ni swali, na walioleta swali hilo ni vijana wetu.

Katika makanisa mengi siku hizi, tukihesabu bahasha za fungu la kumi, twaona kwamba majina yaliyoandikwa juu yake ni ya watu wazima. Mama mjane anayeuza mboga sokoni, jina lake limo. Mwalimu aliyestaafu, limo. Lakini kijana aliyeajiriwa katika ofisi, jina lake halimo. Kijana wa bodaboda, halimo. Msichana anayekaa katika duka la M-Pesa kutwa nzima akihesabu fedha za watu, naye halimo. Wazee hukasirika. Husema kwamba watoto hawa wana fedha za simu na za viatu, ila za Mungu hawana. Neno hili lilipoletwa katika baraza la kanisa mara ya tatu, tuliona yafaa kuwaita vijana wenyewe, wale wa KAYO na wale wasio wa KAYO, tukae nao alasiri moja baada ya ibada. Hatukuwaita ili tuwahubirie, maana walikuwa wamekwisha kuhubiriwa asubuhi. Tuliwaita ili waseme.

Basi, ndugu zetu, walisema!

Mmoja alitoa karatasi ya mshahara wake mfukoni akaiweka mezani. Mshahara wake ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Asilimia 2.75 huenda kwenye bima ya afya ya jamii iliyoanza kukatwa Oktoba 2024. Hizo ni shilingi 825. Asilimia 1.5 ni ya nyumba. Hizo ni 450. Kuna NSSF, kuna kodi ya mapato, na kuna mkopo wa HELB aliotoka nao chuoni. Akauliza: "Fungu la kumi ni la hizi zilizoandikwa juu, au ni la hizi zilizobaki chini?" Wenzake walicheka, lakini yeye hakucheka.

Aliyemjibu si mchungaji. Ni mzee mmoja mfugaji aliyekuwa ameketi karibu na mlango. Alisema, someni Mambo ya Walawi, sura ya 27, mwishoni. Hapo sheria yasema jinsi wanyama walivyohesabiwa: walipitishwa mlangoni mmoja mmoja chini ya fimbo ya mchungaji, na yule wa kumi alikuwa wa Bwana, awe mnono au awe amekonda. Hakuna kuchagua. Kisha mzee akauliza vijana: "Mwenye mbuzi tisa, je, fimbo yake imempata wa kumi?" Wakasema, la. "Na yule mbuzi aliyeliwa na fisi usiku, je, alipita mlangoni?" Wakasema, la. Mzee akanyamaza.

Twaamini kwamba mzee huyo alisema vema. Wasomi wa Maandiko hujaza karatasi nyingi juu ya aya hizo, lakini mtu aliyesimama mlangoni pa zizi tangu utoto huzielewa upesi. Kijana anayehesabu kile kilichofika mkononi mwake hatendi dhambi. Anayehesabu kutoka juu, kabla ya makato, naye amefanya vizuri, wala asimdharau mwenzake. Ila tuliongeza neno moja. Fedha ulizokopa kwa simu ili ubashiri mpira wa Uingereza, ukashindwa, hizo usiziite makato. Huyo fisi umemfungulia mlango wewe mwenyewe.

Binti mmoja anayesoma chuoni aliuliza jambo zito zaidi. Alisema: "Hatuchinji kondoo kwa ajili ya dhambi, wala hatushiki sheria za vyakula. Mwatufundisha kwamba Kristo alitimiza hayo yote. Kwa nini basi katika sheria yote limebaki fungu la kumi tu?"

Ndugu msikilizaji, swali hili lataka jibu la kweli. Hapana mahali ambapo Mtume Paulo aliwaagiza Wakristo watoe moja katika kumi. Katika Wakorintho wa Kwanza, sura ya 16, aliwaambia waweke akiba siku ya kwanza ya juma, kila mtu kwa kadiri ya kufanikiwa kwake. Katika Wakorintho wa Pili, sura ya 8 na ya 9, asema mengi juu ya kutoa, na hataji kumi hata mara moja. Ni kweli kwamba Abrahamu alimpa Melkizedeki sehemu ya kumi kabla ya sheria ya Musa kuwapo. Na ni kweli kwamba Bwana Yesu, katika Mathayo 23, hakuwaambia Mafarisayo waache kutoa zaka ya mboga zao. Aliwakemea kwa sababu walipima majani madogo ya bustani kwa uangalifu mwingi, huku wakiacha haki na rehema.

Katika karne ya pili, Askofu Irenaeus wa Lyons aliandika kwamba Wayahudi walitenga sehemu ya kumi, lakini waliopata uhuru wa Kristo huviweka vyote walivyo navyo kwa matumizi ya Bwana. Binti aliposikia hivyo alisema, "Kumbe ni zaidi!" Naam, ni zaidi. Mtu akituambia kwamba hayuko chini ya sheria, kwa hiyo hutoa shilingi ishirini kila Jumapili, twamwuliza kama neema ni ndogo kuliko sheria.

Sisi Waanglikana tuna sababu nyingine ya kusema juu ya jambo hili kwa unyenyekevu. Kule Uingereza, kwa mamia ya miaka, fungu la kumi lilikuwa sheria ya nchi. Mkulima alipaswa kutoa nafaka, pamba ya kondoo na maziwa, apende asipende, hata kama hakuwa mtu wa kanisa hilo. Ghala kubwa zilizojengwa kwa ajili ya kuyaweka mazao hayo zingaliko mpaka leo. Ndugu zetu wa Kanisa la Marafiki, ambao twawafahamu sana huku Kenya kwa kazi yao kule Kaimosi, baba zao wa imani walitiwa gerezani kwa kukataa kulipa. Mwaka 1836 sheria iligeuza mazao hayo yakawa malipo ya fedha, na mwaka 1936 malipo hayo yakaondolewa. Kitu kilichotozwa kwa nguvu namna hiyo kiliwafanya watu wengi walichukie kanisa lenyewe.

Kwa hiyo twasema wazi. Fungu la kumi ni kipimo chema cha kumfundisha mtu mkono wake ufunguke. Twalitoa sisi wenyewe, na twalifundisha. Lakini si tikiti ya kuingilia mbinguni. Twasikia kwamba mahali pengine mtu akifa, kwanza kitabu cha michango hufunguliwa ili waone kama marehemu alikuwa akilipa, na jina lisipoonekana familia hukataliwa mchungaji wa kuzika. Jambo hilo si la Injili, hata likitendwa na watu waliovaa kanzu nyeupe.

Tena tukasoma pamoja Kumbukumbu la Torati, sura ya 14. Wengi wa vijana hawakuwa wameisoma, na wazee kadhaa pia, kama tulivyoona nyusoni mwao. Pale watu wa Israeli waliambiwa walile fungu la kumi mbele za Bwana, wao na jamaa zao, kwa furaha. Na njia ikiwa ndefu mno wasiweze kubeba, wabadilishe kwa fedha, wazifunge fedha mkononi, waende. (Kijana mmoja akasema hiyo ndiyo M-Pesa ya kwanza, na kwamba Safaricom walichelewa mpaka mwaka 2007.) Halafu kila mwaka wa tatu fungu hilo liliwekwa malangoni mwa mji, apate kula Mlawi asiye na shamba, na mgeni, na yatima, na mjane, washibe. Shikeni neno hilo, tutalirudia.

Sasa twaja kwenye jambo ambalo lilipandisha sauti katika kikao. Vijana walisema: "Tutatoa, lakini tuonyesheni zinakokwenda."

Wengi wao waliyaona mambo ya Juni 2024, vijana wa Kenya walipoingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha. Waliuliza serikali: kodi zetu zaenda wapi? Haikuchukua muda wakaligeukia kanisa na swali lile lile, na jingine juu yake: fedha za wanasiasa zinazowekwa madhabahuni, zimetoka wapi? Mwezi wa Novemba mwaka huo huo Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Kanisa Katoliki, Nairobi, aliagiza fedha alizotoa Rais William Ruto katika parokia ya Soweto zirudishwe. Machi 2025 Rais alitoa shilingi milioni 20 kwa kanisa moja la Roysambu, na Jumapili iliyofuata vijana walikwenda kuandamana huko, wakatupiwa moshi wa kutoa machozi. Vijana wetu walizitazama habari hizo katika simu zao. Nasi tuliwakumbusha kwamba tarehe 12 Septemba 2021, kule Butere, Askofu Rose Okeno alipowekwa wakfu, Askofu Mkuu wetu Jackson Ole Sapit aliwazuia wanasiasa wasihutubu ndani ya ibada. Jambo hili basi halikuanza juzi.

Wengine katika baraza waliona kwamba kijana kuuliza habari ya fedha za kanisa ni utovu wa adabu. Sisi hatuoni hivyo. Mtume Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu hakuubeba peke yake. Alifuatana na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili mtu asipate la kumlaumu, naye alitaka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Nehemia, katika sura ya 13, alikuta Walawi wamekimbilia mashambani kwa kuwa hawakupewa sehemu zao. Aliwagombeza wakuu, watu wakaleta fungu la kumi, na mara hiyo hiyo akaweka watunza hazina waliohesabiwa kuwa waaminifu. Hakusema, leteni na mnyamaze. Tena twakumbuka wana wa Eli na ule uma wa meno matatu, walivyochukua nyama kabla ya Bwana kupewa sehemu yake. Watu wakadharau sadaka. Maandiko hayasemi kwamba waliodharau ndio waliokuwa na kosa kubwa.

Kijana mmoja alikwenda mbali zaidi. Alituambia tusome Marko 12 kuanzia juu kidogo ya habari ya mjane na senti zake mbili. Bwana alikuwa ametoka kusema juu ya waandishi wanaokula nyumba za wajane. Mara anaonekana mjane, naye anatia riziki yake yote. "Je," akauliza, "Yesu alikuwa akimsifu, au alikuwa akimhurumia?" Tuliona kwamba yote mawili yamo. Moyo wa mama yule ni mfano kwetu sote. Lakini mchungaji anayemhubiri mjane huyo kila mwaka wakati wa kukusanya malimbuko, wala hageuki kusoma aya zilizotangulia, amesoma nusu ya ukurasa.

Hapo nasi tulikuwa na swali la kuwauliza. Tuliwaambia hivi. Mwaka 1971, sisi wenyewe tulikuwa hatujazaliwa, Mchungaji John Gatu, katibu mkuu wa PCEA, alisema jambo lililowashangaza watu wa Ulaya na Marekani. Aliomba wamishenari na fedha kutoka ng'ambo visimamishwe kwa muda usiopungua miaka mitano, ili kanisa la Afrika lijifunze kusimama kwa miguu yake. Wengi walimkasirikia. Lakini alijua kwamba anayekulisha ndiye anayekuambia uketi wapi. Sasa ninyi vijana mwasema fedha za mwanasiasa zisiguse madhabahu, na twasema Amina. Hesabu zetu hizi hapa mezani. Kuna mwinjilisti aliye kwenye kanisa dogo njia ya Merti, chini ya mti wa mgunga na mabati machache. Ana watoto wanne. Posho yake imekosa kulipwa miezi mitatu. Kuna mchango wa dayosisi, ambao wazee huuita kota. Kuna paa linalovuja. Mwanasiasa akizuiwa, na mfadhili wa ng'ambo amekwisha kwenda, na kijana naye asubiri mpaka aridhike na kila karatasi, ni nani atakayempelekea mwinjilisti huyo unga?

Kikao kilinyamaza. Na katika kimya hicho ndipo aliposema msichana wa duka la M-Pesa, ambaye alikuwa hajafungua kinywa tangu mwanzo.

Alisema kwamba kati ya mwisho wa 2020 na 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, jambo ambalo kila mmoja wetu alilijua, maana tulipita kando ya mizoga barabarani. Nyumbani kwao walikuwa na mbuzi na ng'ombe. Hawakubaki hata kumi. Tangu hapo yeye ndiye zizi la nyumbani. Kila mwisho wa mwezi hutuma fedha kwa mama yake na kulipa karo ya wadogo wawili. Anapofika kanisani na kusikia kwamba asiyetoa fungu la kumi amemwibia Mungu, hutoka akiwa mwizi, na mama yake ameshiba siku hiyo kwa mkono wa mwizi. Aliuliza afanye nini.

Wapenzi wasikilizaji, hatuwezi kupita hapa mbio. Hapa Isiolo si msichana mmoja mwenye mzigo huo, ni wengi.

Bwana wetu alilijibu neno hili katika Marko, sura ya 7. Walikuwako watu waliowaambia baba na mama zao: kile ambacho ningekusaidia nacho ni korbani, yaani kimewekwa wakfu kwa Mungu. Wakajiona wacha Mungu, na wazazi wakalala njaa. Yesu aliwaambia kwamba wamelitangua neno la Mungu kwa ajili ya mapokeo yao. Naye Paulo amwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani. Ndipo tukawarudisha kwenye ule mwaka wa tatu: mgeni, yatima, mjane. Mama aliyefiwa na mifugo yote yumo katika hesabu hiyo. Kulisha kwake si wizi.

Ndugu zetu Waborana wana desturi iitwayo busa gonofa. Mtu akipoteza mifugo kwa ukame au kwa wavamizi, ukoo hukutana na kumtolea wanyama, huyu mmoja, yule mmoja, mpaka asimame tena. Nao majirani zetu Waislamu, katika zaka yao, hutaja maskini wa kwanza kabisa kati ya wanaostahili kupewa. Ingekuwa aibu kubwa kama kanisa peke yake ndilo lingemtuma binti amnyang'anye mama yake.

Basi tulimwambia mbele ya wote: tuma kwa mama, na usitoke tena hapa ukiwa mwizi. Lakini leta kitu kidogo kwa mkono wako mwenyewe katika ibada, hata kama ni shilingi hamsini, kwa sababu wewe nawe ni mtu wa nyumba hii na una haki ya kushiriki mezani na kapuni. Alilia kidogo. Mzee mmoja aliyekuwa amesema habari ya viatu na simu alitoka nje, akakaa huko muda mrefu.

Twawaonya lakini wale watakaojificha nyuma ya mama. Wewe ambaye mama yako hajaona shilingi yako tangu Krismasi, usiseme redioni wamekuruhusu.

Kikao kilimalizika jioni. Waliafikiana kwamba hesabu za kanisa zibandikwe mlangoni kila baada ya miezi mitatu, kwa maandishi makubwa, mapato na matumizi. Mweka hazina hakupenda, lakini alikubali, na sasa yeye ndiye anayewavuta watu waje kusoma. Vijana nao walichukua jukumu la posho ya mwinjilisti. Hawakuandika fungu la kumi. Waliandika kila mtu kiasi chake katika daftari, na asiye na kazi akaandika siku atakazokwenda kulitengeneza paa. Mwezi wa kwanza posho ilitimia. Mwezi wa pili ilipungua, na vijana wawili wa bodaboda wakaijaza siku ya mwisho. Mwezi wa tatu ilichelewa juma zima, na mwenyekiti wao alikwenda nyumba kwa nyumba akiwa amenuna. Bahasha za fungu la kumi zimeongezeka kidogo tu. Wazee wengine wangali wakinung'unika kwamba daftari la vijana si fungu la kumi halisi. Mwinjilisti, tulipomtembelea, hakutuuliza limeitwaje.

Muda wetu umekwisha. Kuna barua tatu zinazouliza habari za harambee za arusi, kama nazo zahesabiwa kuwa ni kumtolea Mungu. Hizo tutazifungua juma lijalo, saa hii hii. Sasa na tuombe.

Ee Bwana, uwakumbuke vijana wanaotafuta kazi katika mji huu, na wale walio na kazi na nyumba nzima mgongoni. Uwakumbuke wainjilisti walio mbali na barabara. Utuletee mvua. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.